Kiwanda Kilichokufa Si Uwanja Mtupu

Jiji linapoamua kugeuza eneo la kiwanda cha zamani liwe bustani, hatua za mradi hujulikana kabla hata ya michoro kuchorwa. Katapila zinaingia na kulaza kila kilichosimama, malori yanamwaga udongo mweusi uliochotwa shambani, nyasi zinatandikwa, miti ya mita nne inapandwa kwa winchi, utepe unakatwa. Miaka mitatu baadaye nusu ya miti hiyo ni kuni, maji yametuama kwenye nyasi, na siku za joto kali lami inachuruzika kando ya njia ya watembea kwa miguu. Lawama huangukia ukame, au mtunza bustani.

Mtunza bustani hana kosa. Mpango wenyewe umedharau mambo mawili kwa mpigo: sumu iliyo chini na uhai ulio juu. Fedha zimekwenda kwenye vitu vinavyopigika picha. Katika miradi ya aina hii sehemu nono ya bajeti inapaswa kuzikwa ardhini, na sehemu kubwa ya eneo, mara nyingi kubwa kuliko wasanifu wanavyopenda, inapaswa kuachwa kama ilivyo. Kuamua kipi kiachwe, kipi kisafishwe na kipi kifunikwe, kipande kwa kipande, ndiyo kazi yenyewe. Upandaji unafuata baadaye, na ndiyo sehemu rahisi.

Uchunguzi unaanzia kwenye makabrasha. Ramani za zamani, picha zilizopigwa kutoka angani, michoro ya mabomba, hati za bima ya moto, na wafanyakazi waliostaafu wanaokumbuka tangi lipi lilivuja na mafuta machafu yalimwagwa nyuma ya ukuta upi. Kila kazi huacha alama yake: kiwanda cha ngozi huacha kromiamu, cha betri risasi, cha kutibu nguzo za mbao huacha kriosoti, shaba na aseniki. Palipokuwa na transfoma kuna uwezekano wa mafuta yenye PCB, kemikali za sumu zisizooza kirahisi. Karakana zilizosafisha vyuma huacha viyeyushi vyenye klorini, na hivi ni vizito kuliko maji, kwa hiyo huzama hadi chini ya maji ya ardhini na kutulia juu ya tabaka la mfinyanzi. Mchimbaji wa kisima cha uchunguzi asiyelijua hilo hutoboa mfinyanzi huo na kuipa sumu njia ya kushuka zaidi. Yaani uchunguzi wenyewe unaweza kuchafua.

Baada ya makabrasha ndipo sampuli zichukuliwe. Mistari ya gridi ikipishana mita 25, kila hekta hupata sehemu 16 tu za kuchimba, na doa la sumu lenye upana wa mita 10 linaweza kupita katikati yake bila kuguswa. Ndiyo maana gridi huongezewa mashimo ya makusudi penye matangi, mitaro, majukwaa ya kupakilia na vyumba vya transfoma. Kila shimo litoe sampuli ya sentimita 10 za juu, ambazo ndizo watoto hugusa na upepo hupeperusha, kisha nusu mita, kisha mita moja, hadi udongo wa asili ufikiwe. Kuna ujanja wa kubana matumizi wa kuchanganya sampuli kumi ziwe moja kabla ya kwenda maabara. Chukua sehemu tisa zenye miligramu 50 za risasi kwa kilo na moja yenye 5,000. Mchanganyiko utasoma 545, ripoti itasema eneo lote lina uchafu wa wastani, na pale mahali pamoja panapoweza kumdhuru mtoto patakuwa pamefutika kwenye karatasi.

Macho nayo yatumike. Katika viwanda vilivyotengeneza gesi kutokana na makaa ya mawe, gesi ilipitishwa kwenye oksidi ya chuma iliyochanganywa na vipande vya mbao ili kunasa salfa na saianidi. Mchanganyiko huo ulipochoka ulitupwa nyuma ya kiwanda, na hadi leo hutambulika kwa rangi ya bluu iliyokolea katikati ya kifusi cheusi. Saianidi iliyofungwa na chuma hutulia udongo ukiwa na asidi. Sasa anakuja mtu wa bustani, anapima pH, yaani kipimo cha asidi, anaona iko chini, anamwaga chokaa kama alivyofundishwa. pH inapanda, ile bluu inayeyuka, na saianidi inaanza safari ya kuelekea kwenye maji.

Mitego ya namna hiyo ipo mingi kwenye metali. Kuongeza chokaa hupunguza mwendo wa kadimiamu na zinki. Kuongeza fosfeti huibana risasi iwe madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi tumboni. Lakini aseniki hufanya kinyume: pH ikipanda sana au fosfeti ikizidi, hubanduka kwenye chembe za udongo na kutembea. Eneo lenye risasi na aseniki pamoja, na ni mengi, haliwezi kupewa dawa ya risasi peke yake. Lazima udongo wenyewe ujaribiwe kwanza kwenye ndoo, kwa viwango tofauti vya dawa, na maji yanayochujika yapimwe kabla ya kusambaza hata tani moja.

Hapa ndipo linapokuja wazo linalopendwa kuliko yote, kwamba mimea itafyonza sumu. Tufanye hesabu. Hekta moja, kina cha sentimita 30, ni mita za ujazo 3,000. Kwa uzito wa tani 1.3 kila moja, ni tani 3,900 za udongo. Kushusha kadimiamu kutoka miligramu 5 kwa kilo hadi 1 maana yake ni kuondoa kilo 15.6 za kadimiamu. Miti ya Salix (mierebi) inayokua kwa kasi, ikitoa tani 10 za mavuno makavu kwa mwaka yenye miligramu 20 za kadimiamu kwa kilo, hubeba gramu 200. Ni miaka 78, kama mti wa mwisho utafyonza sawa na wa kwanza, jambo ambalo halitokei. Kwa risasi ni kichekesho. Kuishusha kutoka 1,000 hadi 500 ni kuondoa kilo 1,950, na mmea unaobeba miligramu 100 kwa kilo utatoa kilo moja kwa mwaka. Miaka 1,950. Tena mavuno hayo ni taka zenye sumu, si matandazo. Na yasipovunwa, miti ya Salix na Populus huchota kadimiamu na zinki kutoka chini na kuziangusha juu pamoja na majani, pale pale watu wanapokaa.

Mimea ina kazi nyingine, na hiyo inaifanya vizuri: kushikilia. Mizizi huzuia mmomonyoko, majani huzuia vumbi, na mti mkubwa hunywa maji ambayo vinginevyo yangeshuka na kubeba uchafu. Mradi unaosema wazi kwamba mimea yake ni ya kushikilia sumu mahali ilipo unasema kweli. Unaoahidi kusafisha risasi kwa alizeti ndani ya miaka mitano, waulizwe hesabu.

Mafuta ni habari nyingine, kwa sababu bakteria huyala. Udongo wenye dizeli hupangwa matuta ya kimo cha mita 1.5 hadi 2 juu ya plastiki nzito, huchanganywa na mboji au vipande vya mbao ili hewa ipite, na hupewa naitrojeni na fosforasi hadi uwiano wa kaboni, naitrojeni na fosforasi ukaribie 100:10:1. Unageuzwa kila wiki moja au mbili mwanzoni. Unyevu hupimwa kwa kiganja: udongo ukikamuliwa ukatoa maji, hewa imekwisha ndani, ukisambaratika, bakteria wamelala. Dizeli hupungua sana ndani ya miezi. Lami ya makaa ya mawe haiendi hivyo, kwani molekuli zake nzito zenye pete tano za kaboni huwashinda bakteria au huwachosha kwa miaka.

Tofauti hiyo ilionekana Seattle, Marekani. Kiwanda cha gesi kilichofanya kazi huko tangu 1906 hadi 1956 kiligeuzwa kuwa Gas Works Park, kikafunguliwa kwa umma 1975. Msanifu Richard Haag alikataa kukibomoa chote. Aliacha minara ya mitambo isimame na akajaribu kuwalisha bakteria kwa kuchanganya tope la majitaka na unga wa mbao kwenye udongo. Kwa mafuta mepesi wazo lilikuwa sahihi, na lilitangulia wakati wake. Lakini 1984 bustani ilifungwa kwa muda ili ipimwe upya, ikabidi kuongezewa udongo juu na baadaye kushughulikia benzini iliyokuwa kwenye maji ya ardhini, na lami imeendelea kujitokeza hapa na pale. Haag hakukosea kuacha mitambo wala kuamini bakteria. Kilichokosekana wakati ule ni kutenganisha sehemu za mafuta mepesi na sehemu za lami, na kuzipa kila moja tiba yake.

Sehemu ambazo haziwezi kusafishwa kwa gharama ya maana hufunikwa. Kufunika si aibu, ila kuna kufunika na kuna funika kombe mwanaharamu apite. Kifuniko cha kweli huanza na wavu wa rangi ya chungwa uliolazwa juu ya uchafu, ili fundi bomba wa miaka 30 ijayo akiufikia ajue asishuke zaidi. Juu yake huja mfinyanzi ulioshindiliwa wa sentimita 60 hivi, au plastiki ya HDPE ya milimita 1.5, kisha tabaka la kokoto la kuchuja maji, kisha mita moja au zaidi ya udongo wa kupandia. Uso uinamishwe asilimia 3 hadi 5 maji yasikae. Kifuniko huharibika kwa njia chache zinazojulikana: ardhi ya chini ikizama kwa kutolingana, mfinyanzi hupasuka, mfinyanzi wenyewe ukikauka kwa sababu udongo wa juu ni mwembamba, hupasuka pia, na mvuke wa mafuta ukikosa matundu ya kutokea husafiri kwa upande hadi vyumba vya chini vya majirani. Mizizi ya miti, ambayo ndiyo inayoogopwa zaidi, ina hatari ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mingi hukaa ndani ya mita moja ya juu, na mfinyanzi ulioshindiliwa hadi gramu 1.8 kwa sentimita ya ujazo huizuia. Kupiga marufuku miti juu ya kila kifuniko ni uvivu wa kupima.

Ushindiliaji huo huo, ukiwa mahali pasipo pake, ndio muuaji mkuu wa miti katika maeneo haya, kuliko risasi na lami zikijumlishwa. Udongo ukizidi gramu 1.6 hadi 1.7 kwa sentimita ya ujazo mizizi mingi hugoma. Kiwanda kilishindilia ardhi yake kwa miaka mingi, halafu wakandarasi wanakuja kushindilia upya kwa malori yao, mara nyingi siku ya mvua. Kipimo chake hakihitaji maabara. Chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji jioni. Yakiwepo kesho yake jioni, hapo hapapandwi mti. Dawa ni kuchana ardhi kwa meno ya chuma yanayofika sentimita 70 au 80, yakipishana kama mita moja, na ardhi lazima iwe kavu hadi chini. Ikiwa mbichi, meno hukata mifereji laini tu bila kuvunja chochote, na mizizi itafuata mifereji hiyo kama bomba. Njia bora zaidi ni ekskaveta kusimama kwenye tabaka la chini na kumimina udongo mbele yake huku ikirudi nyuma, isikanyage hata mara moja ilichokwisha kuweka. Inachukua muda zaidi, na mkandarasi atanung'unika. Anung'unike.

Kwenye udongo uliolegezwa hivyo, miche ya sentimita 60 hadi 90 iliyopandwa kwa umbali wa mita mbili, yaani 2,500 kwa hekta, huipita miti ya winchi ndani ya miaka michache. Mti mkubwa uliong'olewa kitaluni umeacha sehemu kubwa ya mizizi yake huko, na hutumia miaka ya mwanzo kuomba maji.

Lakini kabla ya kupanda chochote, kuna haja ya kuuliza nani tayari anaishi hapo. Huko Essex, Uingereza, Canvey Wick palikusudiwa kuwa kiwanda cha kusafishia mafuta. Mchanga uliochimbuliwa kutoka mto Thames ulimwagwa juu ya ardhi, ujenzi ukaanza, ukaachwa katika miaka ya 1970. Kwa miaka iliyofuata hakuna aliyepanda kitu. Mchanga mkavu, lami iliyopasuka, vidimbwi na vichaka vikafanya makazi ya zaidi ya spishi 1,000 za wadudu na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo, akiwemo nyuki adimu wa porini Bombus sylvarum. Mwaka 2005 eneo hilo likatangazwa hifadhi ya kisayansi kwa sababu ya viumbe hao. Laiti lingepewa udongo mweusi na nyasi lingekuwa uwanja wa kawaida wenye kunguru.

Sababu ni ya kikemia na ni rahisi. Udongo wenye rutuba hupendelea mimea michache yenye pupa inayokua haraka na kuzifunika nyingine. Udongo fukara haumpi yeyote nafasi ya kutawala, kwa hiyo wengi wadogo huishi pamoja, na wadudu wao pamoja nao. Kifusi cha matofali, mchanga na kokoto ni mali. Zege iliyosagwa ni mali pia, ila ikiwa mpya maji yake hufika pH 12, kwa hiyo iachwe inyeshewe kwa miezi na ikae mbali na vijito. Mavi ya chuma, yaani mabaki ya kuyeyusha chuma, yana tatizo la ziada: chokaa iliyo ndani yake hunyonya maji na kuvimba, hivyo yanafaa kwa vilima vya mimea, hayafai chini ya njia wala ukuta.

Kuacha si kutelekeza. Berlin, yadi ya kupangia mabehewa ya Tempelhof ilisitisha kazi mwaka 1952, na hekta 18 zake leo ni Natur-Park Südgelände. Miti ya Robinia ilijiotea yenyewe, na kwa kuwa hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni, hurutubisha udongo na kuua kwa kivuli maua ya ardhi kavu. Kwa hiyo sehemu moja imeachwa iwe msitu na nyingine hukatwa au kulishwa mifugo ili ibaki wazi, huku wageni wakipita juu ya njia ya chuma iliyoinuliwa. Nyasi zikikatwa lazima ziondolewe. Zikiachwa zioze, rutuba inarudi na kazi yote inabatilika. Ni kosa linalofanywa na karibu kila idara ya bustani, kwa sababu mikataba ya ukataji hulipa kwa eneo lililokatwa, si kwa tani zilizobebwa.

Palipo na mwamba mtupu, mwanzo unahitaji kusukumwa. Machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, yaliachwa yakiwa jangwa la matumbawe lenye maji ya chumvi karibu na uso. Mwaka 1971 René Haller alianza kwa kujaribu spishi 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, ukiwemo mvinje. Mvinje hujipatia naitrojeni kwa msaada wa vijidudu vya mizizini, kwa hiyo ulikua. Lakini majani yake membamba yalirundikana bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Suluhisho lilikuwa majongoo. Waliletwa, wakayatafuna majani, kinyesi chao kikafanya mboji, na juu ya mboji hiyo spishi nyingine zikaweza kufuata. Wapanda miti wengi wangehesabu miche iliyopona na kuandika ripoti. Haller aliangalia chini, akaona kiungo kilichokosekana, na ndiyo maana Haller Park ipo.

Kuhusu maji, mambo mawili yatoshe. Mitaro ya kupenyeza mvua ardhini, ambayo ni fasheni mijini, isiwekwe juu ya udongo mchafu. Itauosha kuelekea kisimani. Pili, mito iliyogeuzwa mifereji ya majitaka haiponi kwa kupandwa matete kandokando. Mto Emscher wa Ujerumani ulifungiwa kwenye zege kwa sababu migodi ya makaa ya mawe ilizamisha ardhi, na mabomba ya chini yangevunjika. Migodi ilipohama ndipo iliwezekana kuzika bomba kuu la kilomita 51. Kazi ilianza 1992, majitaka yakakoma kuingia mtoni mwishoni mwa 2021, kwa gharama ya takriban yuro bilioni 5.5. Uoto ulifuata bomba. Kwa kipimo kidogo, bustani ya Houtan ya Kongjian Yu mjini Shanghai, hekta 14 palipokuwa na kiwanda cha chuma na cha kutengenezea meli, iliundwa mwaka 2010 isafishe mita za ujazo 2,400 za maji ya mto kwa siku. Ni kama 170 kwa hekta, na hiyo ni namba nzuri ya kumwekea mezani mwanasiasa anayetaka kidimbwi kimoja kisafishe mtaa mzima.

Pembezoni mwa bonde hilo la Emscher, huko Duisburg, Peter Latz alipewa kiwanda cha chuma kilichofungwa 1985, hekta 180. Aliacha matanuru, akageuza kuta za mabohari ya madini kuwa mahali pa wapenda milima kukwea, na tangi la gesi likajazwa maji kwa ajili ya wapiga mbizi. Palipoaminika watu waliruhusiwa kupita, pasipoaminika palizuiwa. Kutobomoa kulikuwa pia akili ya fedha: kila tani ya zege isiyoondolewa haichimbwi, haisafirishwi, haitimui vumbi la risasi. High Line ya New York, bustani iliyo juu ya reli ya zamani iliyoinuliwa, ilikwenda njia nyingine. Uoto uliojiotea kwenye reli tangu treni ya mwisho ya 1980 ulitolewa wote ili zege ikarabatiwe, kisha ukapandwa upya ukiiga uliokuwepo. Ilipofunguliwa 2009 ikawa nzuri sana, na nyumba za kandokando zikapanda bei hadi wengi waliokaa hapo enzi za kutu wakashindwa kuzimudu. Kinga dhidi ya hilo, kama vile kutenga ardhi ya nyumba za kodi nafuu, huwekwa kabla ya mradi kutangazwa. Ukishatangazwa, ardhi imeshanunuliwa.

Na kumbukumbu zitunzwe pamoja na hati ya ardhi: ramani ya sampuli, kina cha wavu wa chungwa, aina ya sumu iliyobaki, na nani analipia kupima maji ya visima kila mwaka. Viwango hubadilika. Januari 2024 Marekani ilishusha kiwango elekezi cha risasi kwenye udongo wa makazi kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200, na maeneo yaliyokuwa yametangazwa salama yakalazimika kuangaliwa upya. Wenye ramani walifungua faili. Wasio nayo wanachimba mashimo mapya, mita 25 kwa mita 25.